Kutumia Akili Unde Kwenye Tasnifu Bila Kuiharibu: Mwongozo Kamili

Rasimu nyingine ya sura ya pili imefika mezani kwangu wiki hii ikiwa na ugonjwa uleule. Kiingereza kimenyooka, aya zimepangika, marejeo yamejaa. Nikachagua rejeo moja, makala kuhusu mikopo ya vikundi vya wanawake, nikamwomba mwanafunzi anitumie faili lake. Siku mbili kimya. Siku ya tatu akaandika: "Mwalimu, sijaiona." Asingeiona, maana haipo. Jarida lipo, juzuu ipo, lakini kwenye kurasa hizo kuna makala nyingine kabisa.

Mwanafunzi huyo si mvivu. Alizunguka masokoni wiki kadhaa akiwahoji mama lishe, na mahojiano yake ni mazuri kuliko mengi niliyosoma. Inaniuma kuona kazi ya jasho kama hiyo inawekwa rehani na marejeo hewa ambayo hata hakuyahitaji.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa shahada ya kwanza au ya uzamili anayeandika tasnifu na anataka kutumia akili unde (wengine mnaiita akili mnemba), iwe ChatGPT, Gemini, Copilot au nyingine. Nimeuandika kwa mazingira ya vyuo vya Tanzania. Aliye Kenya au Uganda atabadilisha majina ya sheria na taasisi. Hatua zenyewe ni zilezile.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Kanuni za uandishi wa tasnifu za chuo chako, toleo la mwaka huu. Lile ulilorithi kwa kaka yako wa mwaka juzi halifai.
- Daftari la matumizi: jedwali lenye safu tano, yaani tarehe, zana uliyotumia, ulichoomba, ulichopewa, na ulichokifanyia. Excel inatosha, hata kaunta buku inatosha.
- Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeo.
- Faili la tasnifu linalotunza historia ya mabadiliko. Google Docs hufanya hivyo lenyewe. Word hufanya hivyo ukihifadhi kwenye OneDrive. Ukishindwa vyote, hifadhi nakala mpya kila siku yenye tarehe kwenye jina.
- Machapisho yenyewe, si muhtasari wake. Anzia Google Scholar, AJOL kwa majarida ya Afrika, na hazina ya kidijitali ya maktaba ya chuo chako.
- Karatasi ya vificho vya wahojiwa, yaani jina la kila mhojiwa na alama unayompa badala yake, itakayokaa mbali na kompyuta unayotumia kuongea na mashine.

Kama huna kompyuta na unaandikia stashenari, ongeza sharti moja: usiondoke bila kutoka kwenye akaunti yako. Nimewahi kukaa kwenye kompyuta ya stashenari nikakuta mazungumzo ya mwanafunzi yako wazi, na mahojiano yote yamo ndani.

## Hatua ya 1: Pata ruhusa kwa maandishi

Kanuni hutofautiana chuo hadi chuo, na ndani ya chuo kimoja idara hadi idara. Kuna msimamizi anayeruhusu urekebishe lugha, kuna asiyetaka hata hilo. Ruhusa ya mdomo kwenye korido haitakusaidia mbele ya jopo.

Andika barua pepe fupi:

"Shikamoo Dkt. Naomba mwongozo wako. Napenda kutumia akili unde kurekebisha Kiingereza cha aya nilizoandika mwenyewe na kupata maswali ya kujipima. Sitaitumia kuandika hoja, kutafuta marejeo wala kuchambua mahojiano. Nitatunza kumbukumbu na kuweka tamko kwenye tasnifu. Je, hili linaruhusiwa?"

Umetaja unachotaka kufanya na usichotaka kufanya, hivyo msimamizi anaweza kujibu kwa mstari mmoja. Akikataa, basi. Hapo mwongozo wako unaishia kwenye hatua ya 3 na ya 5, na tasnifu itaandikika tu.

Umefanikiwa ukiwa na: jibu lililoandikwa na kuhifadhiwa.

## Hatua ya 2: Gawa kazi kabla ya kufungua mashine

Wengi huharibikiwa kwa sababu wanaamua mipaka wakiwa wamechoka, saa saba za usiku, kesho yake ni siku ya kukabidhi. Amua mapema, andika ukutani.

Mashine inaweza kukueleza dhana ngumu kwa lugha nyepesi, kukuuliza maswali ya kukupima, kukuonyesha sentensi yako isiyoeleweka, na kukusaidia fomula ya Excel iliyogoma.

Isipewe kabisa: kutunga data, kujaza hojaji, kutengeneza nukuu za wahojiwa, kuandika matokeo na majadiliano, kukupa orodha ya marejeo. Kutunga data ni udanganyifu wa kitaaluma hata ungeitunga kwa kalamu. Mashine inaurahisisha tu.

Katikati kuna mambo ya tahadhari, hasa tafsiri na muhtasari wa makala. Hayo nayarudia chini.

## Hatua ya 3: Fikiri kwanza, kwa mkono

Kabla ya kila sura, andika ukurasa mmoja bila mashine yoyote. Swali langu ni lipi? Nadhani jibu ni lipi? Nani amesema kinyume? Kipi sikielewi?

Ukiiuliza mashine kwanza, jibu lake la wastani linakaa kichwani na kuziba njia ya wazo lako. Nimesoma mapendekezo matatu ya utafiti kutoka wanafunzi watatu wasiofahamiana, yote yakiwa na "pengo la utafiti" lilelile kwa maneno yanayokaribiana. Hakuna aliyemdesa mwenzake. Wote walikunywa kisima kimoja.

Piga picha ukurasa huo uutunze. Siku ukiulizwa wazo lilitoka wapi, una ushahidi wenye mwandiko wako.

## Hatua ya 4: Omba kama anayejua anachotaka

Ombi baya: "Niandikie mapitio ya machapisho kuhusu mikopo midogo na wanawake wajasiriamali Tanzania."

Utapata kurasa nne zinazong'aa ambazo hujui hata sentensi moja imetoka wapi.

Ombi zuri: "Hii ni aya yangu. Nionyeshe sentensi ambazo msomaji hatazielewa, na useme kwa nini. Usiziandike upya. Usiongeze hoja wala marejeo."

Jingine zuri: "Jifanye mtahini wa nje. Niulize maswali matano magumu kuhusu njia hii ya kuchagua sampuli, moja baada ya jingine, usubiri jibu langu." Hapa ndipo mashine inapofaa kweli, na cha kusikitisha ndipo wanafunzi wachache wanapoitumia.

Kila ombi liingie kwenye daftari siku hiyohiyo. Ukisema utajaza kesho, hutajaza.

## Hatua ya 5: Hakiki kila rejeo, moja baada ya jingine

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo twende polepole.

Mashine hizi hutunga maandishi kwa kukadiria neno linaloelekea kufuata. Rejeo lina umbo linalotabirika: jina la ukoo, mwaka, kichwa, jarida, juzuu, kurasa. Ni rahisi sana kutunga kitu chenye umbo hilo bila kuwepo chochote nyuma yake. Hata zana zinazotafuta mtandaoni, zikikuletea makala halisi, huweza kuibandikia hoja ambayo haikusema.

Na usiiulize mashine yenyewe kama rejeo ni la kweli. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 pamoja na ofisi yao, katika shauri la Mata dhidi ya Avianca, baada ya kuwasilisha mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT. Mmoja wao alikuwa ameiuliza kama kesi hizo ni za kweli, ikamjibu kwamba ni za kweli.

Fanya hivi kwa kila rejeo:

1. Bandika namba ya DOI, yaani namba ya kudumu inayoitambulisha makala mtandaoni, kwenye doi.org. Ikifungua makala nyingine au isipofungua kitu, simama. Baadhi ya majarida yetu, hasa ya zamani, hayana DOI, kwa hiyo kukosekana peke yake si kosa. Nenda namba 2.

2. Fungua ukurasa wa jarida, tafuta juzuu na toleo hilo. Soma yaliyomo kwa macho yako. Rejeo hewa hunaswa hapa: jina la jarida ni la kweli, makala haipo.

3. Pata makala nzima. Ikisomwa kwa malipo, mwulize mkutubi, au mwandikie mwandishi kwa heshima. Wengi hutuma bure. Usipoipata, usiitaje. Kutaja makala uliyosoma ikisiri yake peke yake ni kuvizia bahati.

4. Tafuta ukurasa unaobeba hoja yako. Weka kidole kwenye sentensi, andika namba ya ukurasa kwenye Zotero. Kama mwandishi anasema mikopo "inahusiana na" kipato na wewe umeandika "inaongeza" kipato, rekebisha sasa.

5. Angalia kama makala imefutwa. Zotero hukuonya yenyewe ikiwa makala uliyohifadhi imeondolewa na jarida, kwa kutumia kanzidata ya Retraction Watch. Usipuuze onyo hilo jekundu.

Ukishazoea, rejeo moja halikuchukui muda mrefu. Kwa marejeo hamsini panga jioni tatu au nne, usiyafanye yote usiku mmoja. Bando litaisha na macho yatachoka, na rejeo bovu hupita macho yakichoka.

Umefanikiwa ukiwa: mtu anaweza kugusa rejeo lolote kwenye orodha yako na wewe ukafungua faili lake na ukurasa husika papo hapo.

## Hatua ya 6: Linda watu waliokuamini

Yule mama lishe alikubali kuongea nawe kwa sababu ulimsomea fomu ya ridhaa. Ulimwambia sauti yake utaisikia wewe na msimamizi wako. Ukiipakia rekodi kwenye akaunti ya bure ya akili unde ili ikunukulie, yaani igeuze sauti kuwa maandishi, umeipeleka kwenye kompyuta za kampuni iliyo nje ya nchi, bila yeye kujua. Umevunja ahadi.

Huenda umevunja na sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inagusa pia usafirishaji wa taarifa nje ya nchi. Kenya ina yake ya mwaka 2019. Utafiti wenye kibali cha maadili una sharti la ziada: ulichoandika kwenye maombi ya kibali kuhusu utunzaji wa data ndicho unachotakiwa kukifuata.

Ukitaka kutumia mashine kwenye mahojiano, iandike ndani ya fomu ya ridhaa na maombi ya kibali kabla hujaenda uwandani. Kama hukuandika, nukuu kwa masikio yako. Inachosha, najua. Lakini ukisikiliza rekodi kwa mara ya tatu ndipo unaposikia pale alipositasita kabla ya kutaja kiasi cha deni.

Kama umeruhusiwa, ondoa majina kwanza, na usiishie kwenye majina. "Mwenyekiti wa kikundi cha mama lishe wa stendi fulani, mjane mwenye watoto pacha" hana jina hapo, lakini mtaa mzima unamjua. Andika "M07, mfanyabiashara wa chakula." Pia ingia kwenye mipangilio ya zana yako, uzime ruhusa ya kutumia mazungumzo yako kuifundisha mashine. Kuzima hakuondoi wajibu wa kuficha utambulisho. Fanya vyote viwili.

### Tafsiri ya nukuu

Mahojiano yetu ni ya Kiswahili, tasnifu nyingi ni za Kiingereza, kwa hiyo kishawishi cha kuiachia mashine itafsiri ni kikubwa. Tazama sentensi hii:

"Nilijilipua na kausha damu, marejesho yakanishinda, wakaja kubeba friji."

Tafsiri niliyoikuta kwenye rasimu ilizungumzia mlipuko na damu iliyokauka. Friji likawa limebebwa na watu wasiojulikana. Kilichopotea ndicho utafiti ulikuwa unakitafuta: mikopo midogo yenye riba ya kuumiza na marejesho ya harakaharaka, mama aliyeamua kujitosa huku akiijua hatari, na mkopeshaji aliyechukua mali badala ya pesa.

Tafsiri mwenyewe. Acha "kausha damu" kwa Kiswahili ndani ya nukuu, kwa mlazo, kisha ueleze maana yake kwa sentensi moja. Weka nukuu ya asili kwenye kiambatisho. Ukishamaliza, unaweza kuiomba mashine ikague sarufi ya Kiingereza chako peke yake, pasipo maelezo yanayomtambulisha mhojiwa.

## Hatua ya 7: Rekebisha lugha bila kupoteza hoja

Kuomba msaada wa Kiingereza si dhambi. Kwa wengi wetu ni lugha ya tatu, na ningependa kuona hoja nzuri imeandikwa vizuri. Ila weka mipaka.

Peleka aya moja moja, uliyoiandika mwenyewe. Sema: rekebisha sarufi na tahajia, usibadili maana, niorodheshee ulichobadili. Kisha weka ya zamani na mpya bega kwa bega, usome neno kwa neno.

Chunga vitenzi kuliko kitu kingine. Mashine hupenda kukoleza. "Baadhi ya wahojiwa walisema" inageuka "wahojiwa walisema". "Huenda" inatoweka. Juzi nimekuta "inahusiana na" imekuwa "inasababisha", na kwa neno hilo moja utafiti wa hojaji ukawa umedai kitu ambacho data yake haiwezi kukithibitisha. Mtahini wa takwimu huanzia hapo.

### Kuhusu vipima-maandishi

Msibabaishwe na asilimia ya akili unde inayotolewa na programu za kukagua, na wala msijaribu kuikwepa. OpenAI yenyewe, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, iliondoa kipimaji chake Julai 2023 kwa sababu hakikuwa na usahihi wa kutosha. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walivipa vipimaji kadhaa insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu zilihukumiwa kuwa za mashine. Wasimamizi wenzangu, tulikumbuke hilo kabla ya kumwita mtoto wa watu mwizi kwa kutazama namba tu.

Wewe mwanafunzi, usinunue programu za "kulifanya andiko lionekane la binadamu". Zinaharibu istilahi, na kuzitumia ni kukiri nia ya kuficha. Kinga yako ni historia ya faili inayoonyesha aya ikikua siku hadi siku, daftari lako la matumizi, na ule ukurasa wa mkono wa hatua ya 3.

## Hatua ya 8: Andika tamko

Kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, COPE, ilisema Februari 2023 kwamba zana hizi haziwezi kuwa mwandishi wa kazi, kwa sababu haziwezi kuwajibika kwa kilichoandikwa. Anayewajibika ni wewe. Kwa hiyo usiiweke mashine kwenye orodha ya waandishi, sema uliitumiaje.

Tamko lina mambo manne: zana na toleo lake, kipindi, kazi iliyofanya, na jinsi ulivyohakiki. Mfano:

"Nilitumia [jina la zana na toleo] kati ya Machi na Mei kurekebisha sarufi ya sura ya kwanza, ya pili na ya tano, na kupata maswali ya kujipima kuhusu mbinu za utafiti. Haikutumika kutafuta marejeo, kutafsiri nukuu wala kuchambua data. Mabadiliko yote niliyapitia mwenyewe, na kumbukumbu zake zinapatikana kwa jopo zikihitajika."

Mahali pa kuliweka hupangwa na chuo. Chuo kisiposema, mwulize msimamizi. Wengi hukubali liwe mwishoni mwa sura ya mbinu. Usiandike "nilitumia kidogo". Kidogo ni kiasi gani?

## Hatua ya 9: Jaribio la kufunga kompyuta

Wiki moja kabla ya kukabidhi, mpe mwenzako nakala iliyochapwa. Funga kompyuta, zima simu. Afungue ukurasa wowote, aweke kidole kwenye sentensi, akuulize: umejuaje hili? Kwa nini umetumia neno hili? Rejeo hili linasema nini?

Kila sentensi unayoshindwa kuieleza iwekewe alama. Ukimaliza, uiandike upya kwa maneno unayoyaelewa au uifute. Rudia hadi mpite sura nzima bila alama mpya.

## Kama umeshaharibu

Huenda unasoma haya na rasimu yako tayari ina kurasa za mashine. Usingoje kugunduliwa. Kabla ya kukabidhi bado ni rasimu, na rasimu hurekebishwa. Ukishakabidhi linakuwa shauri la nidhamu.

Hifadhi nakala ya ilivyo sasa. Paka rangi aya zote zisizo zako. Toa marejeo yote ambayo huna faili lake, kisha tazama hoja zipi zimebaki zikiwa zimesimama. Nenda kwa msimamizi na rasimu hiyo yenye rangi, umweleze ulichofanya na unachohitaji muda kukifanya upya.

Yule mwanafunzi wa mama lishe alikuja hivyo Ijumaa. Kati ya marejeo thelathini na moja ya sura ya pili yamebaki tisa. Tumeomba wiki tatu za nyongeza, na jana amenitumia picha ya ukurasa wa kwanza, ameuandika kwa mkono, na mstari wa juu umekatwa mara mbili.